Usukani Kushoto, Ndege Moja kwa Moja: Upepo wa Ubavuni Unavyokula Uwanja Nyanda za Juu Kusini

Nilikaa kiti cha mbele, kulia kwa rubani, ndani ya Cessna 206 iliyokuwa ikijiandaa kuruka kutoka kiwanja kidogo cha udongo huko Mufindi, katikati ya mashamba ya chai. Ilikuwa Agosti, saa nane mchana. Kilichonishangaza ni mikono ya yule kijana. Injini ilipopandisha mlio na breki zikaachiwa, alikuwa amekata usukani wote kushoto, hadi mwisho wake, kana kwamba anataka kutuingiza kwenye chai. Ndege ikaenda moja kwa moja. Nikatazama chini: mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza pedali na goti lilikuwa linatetemeka kidogo. Mkono kushoto, mguu kulia, ndege katikati.

Muda mfupi kabla ya hapo kulikuwa na mvutano. Rubani alikuwa amesimama chini ya bawa, macho kwenye soksi ya upepo, kisha akaomba magunia mawili ya viazi na sanduku moja vibaki, vifuate kesho asubuhi. Mama mmoja, mwenye magunia, hakufurahi hata kidogo. "Kapteni mwanangu, leo asubuhi umetua hapa ukaondoka na mzigo kuliko huu. Uwanja umepungua?" Kijana akamjibu kwa adabu, mikono nyuma: "Uwanja haujapungua, mama. Upepo ndio umehama."

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, na jibu lile lilinikaa kichwani njia nzima. Upepo ukihama unapunguzaje uwanja? Nimeuliza, nimesoma, nimepiga hesabu, na nimeona kwamba watu wengi wanaopanda ndege ndogo huku kwetu wanalifikiria jambo hili kinyume. Wanadhani hatari ya upepo wa ubavuni ni kuipeperusha ndege, au kuipunguzia mabawa nguvu ya kuinua. Ukweli ni kwamba upepo huo hauigusi nguvu ya kuinua kwa namna ya moja kwa moja. Unakula uwanja, na unaula kwa kupitia mlango wa nyuma.

Tuanze na kinachotokea angani, kwa sababu huko mambo ni mepesi. Aliyewahi kuvuka Mto Kiwira kwa mtumbwi kule Kyela anajua kwamba ukitaka kufika ng'ambo mahali ulipolenga, huelekezi omo pale pale. Unauelekeza juu kidogo, upande maji yanakotoka, na mtumbwi unakwenda kimshazari huku ukifika sawasawa. Mtumbwi hauhisi mkondo kama kitu kinachousukuma; uko ndani ya maji na unakwenda pamoja nayo. Ndege iliyokwisha kuacha ardhi iko vivyo hivyo ndani ya hewa. Hewa yote inahama, na ndege inahama nayo. Mabawa hayajui upepo unatoka Kilombero au Usangu. Yanajua tu kasi ya hewa inayopita juu yake.

Tabu iko kwenye sekunde zile ishirini na kitu ambapo matairi bado yameng'ang'ania ardhi na mwili wa ndege umeshaanza kuwa mali ya hewa. Ndege wakati huo ina mabwana wawili. Ardhi inasema nenda mbele, hewa inasema njoo pembeni.

Upepo ukitoka kushoto, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, mkia. Ule ubao mkubwa uliosimama nyuma uko mbali na magurudumu, na upepo ukiusukuma kwenda kulia, pua nayo inageuka kwenda kushoto, kuutazama upepo. Ni tabia ileile ya jogoo wa bati juu ya paa. Ndiyo maana mguu wa kulia: pedali ile inageuza usukani wa mkia, na mwanzoni inageuza pia gurudumu la mbele, ili pua ibaki njiani. La pili, bawa la upande wa upepo hutaka kunyanyuka. Likinyanyuka, uzito unahamia kwenye tairi moja, ndege inaanza kuteleza pembeni, na vyuma vya miguu ya ndege havikuundwa kubeba nguvu ya namna hiyo. Ndiyo maana mkono kushoto: usukani ukikatwa kushoto, kibao kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto kinainuka na kulikandamiza bawa hilo chini, na kile cha bawa la kulia kinashuka. Vibao hivi marubani huviita aileroni. Aileroni iliyoshuka upande wa kulia huongeza kidogo ukinzani wa hewa upande huo, na hivyo husaidia kuivuta pua isikimbilie kushoto.

Mwanzoni mwa mbio hewa inayopita kwenye mabawa ni kidogo, aileroni hazina nguvu, kwa hiyo rubani anakata usukani wote. Kadiri kasi inavyopanda anaurudisha taratibu, lakini haurudishi wote. Niliiona mikono ya yule kijana ikifanya hivyo, kidole kwa kidole, kama mtu anayefungulia maji ya bomba bila kutaka yaruke.

Kuna jambo jingine ambalo abiria hawezi kulijua bila kuambiwa. Kwenye ndege nyingi za injini moja tulizozizoea, propela huzunguka kuelekea kulia ukiitazama ukiwa kiti cha rubani. Mzunguko huo, pamoja na hewa inayojisokota kuuzunguka mwili wa ndege hadi kwenye mkia, huivuta pua kushoto wakati injini iko kwenye nguvu zote. Kwa hiyo upepo wa kushoto na upepo wa kulia si ndugu mapacha. Wa kulia hupingana na propela, na sehemu ya kazi ya mguu inajifuta yenyewe. Wa kushoto hujumlishwa juu ya propela, na mguu wa kulia unabeba mizigo miwili. Siku ile Mufindi upepo ulikuwa wa kushoto. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakugeuza ndege aruke kuelekea upande wa pili. "Mwalimu," akasema, "ule upande uwanja unapanda, na mwisho wake kuna ukuta wa misindano. Upepo ni afadhali niushike kwa mguu. Miti siwezi kuishika."

Sasa tuje kwenye uwanja unavyoliwa.

Soksi ya upepo ni chombo rahisi lakini kinasema mengi. Soksi nyingi hutengenezwa zinyooke kabisa upepo ukifika noti 15 hivi. Noti ni kipimo cha mabaharia na marubani. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo noti 15 ni kama kilomita 28 kwa saa. Soksi inakuonyesha pia upepo unatoka wapi, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Upepo unaokuja kimshazari unaweza kuugawa vipande viwili: kipande kinachokuja usoni na kipande kinachopiga ubavuni. Marubani wana njia ya kukumbuka kipande cha ubavuni kwa kutumia saa ya ukutani. Digrii 15 kutoka kwenye mstari wa uwanja, chukua robo ya upepo, kama dakika 15 zilivyo robo saa. Digrii 30, nusu. Digrii 45, robo tatu. Kuanzia digrii 60, hesabu upepo wote. Si hesabu ya kitabuni, ila imekosea kidogo sana, na inafanyika kichwani wakati mikono ina kazi.

Kipande cha usoni ndicho rafiki wa ndege. Ndege inayohitaji hewa ya noti 55 juu ya mabawa ili iruke, ikipewa upepo wa noti 12 usoni, inatakiwa kukimbia ardhini kwa noti 43 tu. Vitabu vya Cessna 172, ndugu mdogo wa ile 206 yetu, vinatoa kanuni inayoeleweka: kwa kila noti 9 za upepo wa usoni punguza umbali kwa asilimia 10. Ukiwa wa nyuma, kwa kila noti 2 ongeza asilimia 10. Angalia tofauti hiyo. Upepo wa nyuma unaadhibu haraka kuliko ule wa mbele unavyozawadia.

Upepo ukizunguka ukawa digrii 90, kipande cha usoni kinakuwa sifuri. Hilo ndilo la kwanza, nalo watu hulisahau kwa sababu hakuna kilichoongezeka. Kuna zawadi tu iliyoondolewa. Asubuhi ile mama alipoona ndege inaondoka na mzigo mkubwa, upepo ulikuwa usoni. Uwanja "ulikuwa mrefu" kwa sababu hewa ilikuwa inalipa sehemu ya nauli. Na upepo ukizidi kuzunguka, digrii 100 badala ya 90, kwa macho bado ni wa ubavuni, soksi bado inaonekana imekatiza uwanja. Lakini upepo wa noti 15 kwa pembe hiyo tayari una noti mbili na nusu za nyuma, na hizo peke yake zinaongeza zaidi ya asilimia 10 ya umbali. Mtu anaweza kupoteza makumi ya mita kwa digrii ambazo jicho halizioni.

La pili ni kasi ya kuondoka. Siku tulivu, rubani anaweza kuiacha ndege ijinyanyue yenyewe mara tu inapoweza. Upepo ukiwa wa ubavuni, hilo ni kosa. Ndege iliyonyanyuka nusunusu inaanza kusukumwa pembeni papo hapo. Ikikosa nguvu na kurudi chini, inagusa ardhi ikiwa inakwenda upande, na matairi yanapigwa ubavu. Kwa hiyo rubani anaishikilia pua chini makusudi, anapita kasi ya kawaida, kisha anaing'oa mara moja bila kusita. Upepo ukiwa wa vishindo, huongeza nusu ya ukubwa wa vishindo hivyo: upepo wa noti 10 unaopiga hadi 20, ongeza noti 5. Noti tano zinaonekana kidogo. Lakini umbali wa mbio unafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe. Kutoka 55 kwenda 60 ni ongezeko la asilimia 9 kwenye kasi, na la asilimia 19 kwenye umbali.

La tatu ni msuguano wa kila aina. Aileroni zilizokunjwa, usukani wa mkia uliogeuzwa, gurudumu la mbele linalokokotwa kimshazari, matairi yanayosugua udongo kwa upande. Vyote hivi vinakula nguvu ambayo ingeisukuma ndege mbele. Rubani akilazimika kugusa breki ya upande mmoja ili pua isikimbie, anakula zaidi. Hiki ni kipande kidogo kuliko vingine viwili, na majedwali ya Cessna 172 hayana hata safu yake: yana mwinuko, joto, uzito na upepo wa mbele au wa nyuma, basi. Rubani anayesoma jedwali siku ya upepo wa ubavuni na kuandika "upepo sifuri" amepata jibu la siku tulivu, na siku ile si tulivu. Mimi naona hapa ndipo penye mtego mkubwa, kwa sababu tarakimu iliyochapwa ina heshima yake na mtu huiamini.

Yote haya yangeweza kuandikwa na mtu wa Dar es Salaam au wa Tanga. Kinachofanya nyanda zetu ziwe tofauti ni kimo.

Kiwanja cha Songwe, kilichoanza kutumika Desemba 2012 kuchukua nafasi ya kile cha zamani kilichokuwa ndani ya mji wa Mbeya, kiko mita 1,345 hivi juu ya usawa wa bahari. Cha zamani kilikuwa juu zaidi, karibu mita 1,700. Nduli, Iringa, ni zaidi ya mita 1,400. Njombe inakaribia 2,000, na kile cha Mufindi tukiweke mita 1,900. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na joto likiongezeka inakuwa nyepesi zaidi. Marubani hujumlisha vitu hivyo viwili na kujiuliza: hewa hii niliyo nayo ni sawa na hewa ya kimo gani? Mufindi mchana ule ulikuwa na nyuzi joto 20 hivi, hali ya hewa ambayo sisi tungeivalia sweta. Lakini katika hesabu za hewa, kimo cha mita 1,900 kingetakiwa kiwe na nyuzi joto mbili na nusu tu. Tofauti hiyo inaifanya ndege iione hewa kana kwamba iko mita 2,500, karibu na juu ya uwanda wa Kitulo. Ndege ile ilikuwa Mufindi kwa ramani, na Kitulo kwa mapafu.

Hewa nyepesi inadai mara mbili. Kwanza, mabawa yanahitaji kasi halisi kubwa zaidi ili yapate hewa ileile. Saa ya kasi mbele ya rubani inasoma shinikizo la hewa, kwa hiyo inasoma noti 60 kama kawaida, lakini ardhini matairi yanakimbia kwa noti 68. Pili, injini isiyo na kisukuma hewa (turbo) inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, na kwa kimo kile inakuwa imepoteza kama robo ya nguvu zake. Kukimbia zaidi, kwa nguvu pungufu. Ndege inayohitaji mita 300 za mbio usawa wa bahari inahitaji kama mita 550 Mufindi mchana ule.

Haya, tuweke juu yake upepo wetu. Noti 12 zikiwa usoni, zile mita 550 zinashuka hadi karibu 480. Noti hizohizo 12 zikihamia ubavuni, zawadi inaondoka, na rubani anaongeza noti tano za usalama: 550 zinakuwa 655, kabla hujahesabu msuguano wa matairi na udongo laini. Uzito uleule, joto lilelile, upepo wenye nguvu ileile. Tofauti ni mita 175, zaidi ya theluthi. Na tazama kwamba asilimia 19 zile zile, pwani zingekuwa mita 57 juu ya 300. Huku kwetu ni mita 105. Kimo hakikai pembeni ya upepo kama tatizo la pili, kinauzidisha. Ndege inayoongeza kasi polepole hulipa mita nyingi zaidi kwa kila noti inayoongezwa, na inakaa muda mrefu zaidi ardhini, ikisubiri kishindo kingine cha upepo kiikute.

Ndipo gunia la viazi linapoingia. Kanuni inayotumiwa na marubani wengi ni kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kuruka unaongezeka kwa asilimia 20. Geuza kanuni hiyo upande wa pili. Rubani hawezi kuurefusha uwanja, hawezi kuurudisha upepo usoni, hawezi kuishusha Mufindi hadi pwani. Katika hesabu nzima, kitu pekee kilicho mikononi mwake ni mzigo na saa ya kuondoka. Gunia letu lililojazwa vizuri linaweza kufika kilo 100. Ndege kama ile, ikiwa imejaa, ina kilo 1,630 hivi. Magunia mawili na sanduku vilikuwa zaidi ya asilimia 12 ya uzito wote.

Upepo wenyewe nao una desturi zake huku. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, na ikifika kwenye ukingo wa Mufindi inapanda kutoka bonde la Kilombero ikiwa na ukungu na manyunyu yanayolisha chai. Alfajiri ardhi imepoa na upepo wa chini unalala. Jua likipanda, hewa inachemka, na ule upepo wenye kasi ulioko juu unavutwa chini. Kwa hiyo saa saba hadi saa kumi ndio wakati wa soksi kunyooka. Anayeendesha bodaboda Makambako anajua hilo bila rubani kumwambia: asubuhi unakwenda wima, mchana unaegemea upande mmoja barabara nzima. Marubani wengi wangependa kuondoka asubuhi mapema, lakini asubuhi, hasa Songwe, kuna ukungu unaoweza kuufunga uwanja. Ukisubiri ukungu uondoke, unaukaribisha upepo. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, joto linapanda na hewa inakuwa nyepesi kuliko wakati wote. Huku kwetu miezi inapokezana tu tatizo.

Songwe yenyewe imekaa vizuri kwa kusi. Njia yake, yenye urefu wa mita 3,330, inalala mashariki na magharibi. Upepo wa kusini-mashariki unaifikia ndege inayoruka kuelekea mashariki ukiwa mbele kulia: sehemu inakuja usoni na kusaidia, sehemu inapiga ubavu wa kulia na kupingana na propela. Kwa ndege ndogo urefu ule si tatizo. Bado mikono na miguu vina kazi, lakini kuna nafasi ya kuahirisha safari ukiwa katikati ya mbio na kusimama bila kugusa majani. Kwenye viwanja vya mashambani nafasi hiyo haipo, na ndiyo maana uamuzi wote unafanyika chini ya bawa, kabla injini haijawashwa.

Miti nayo ina mchango wake. Tumepanda misindano na mikaratusi kila mahali, kuanzia Sao Hill hadi kwenye mipaka ya vijiji, na viwanja vingi vidogo vimezungukwa. Mti unakinga upepo, na hapo ndipo hatari inapojificha. Ndege inakimbia ndani ya kivuli cha upepo, kila kitu kikiwa shwari, kisha inapanda juu ya vilele na kukutana na upepo wenyewe ghafla, ikiwa na kasi ndogo na bila urefu wa kupoteza. Siku ile kulikuwa na pengo katika safu ya miti, mahali ambapo barabara ya kiwanda cha chai inakatiza. Tulipolipita, nilihisi ndege ikisogezwa kulia kwa ghafla, kama mtu aliyepigwa kikumbo sokoni. Mguu wa kijana ulikuwa umeshatangulia. Alilijua pengo lile.

Jambo moja la haraka kuhusu tarakimu ambayo watu hupenda kuitaja. Kitabu cha Cessna 172 kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni, cha Cessna Caravan, ambayo ni kubwa zaidi, noti 20. Hizo si mpaka ambao ndege ikiuvuka inaanguka. Ni upepo mkubwa ambao marubani wa majaribio walithibitisha kuumudu ndege ilipokuwa inapimwa, na wao walikuwa mabingwa, juu ya lami nzuri, na kiwanja hakikuwa kinaisha kwenye chai. Tarakimu hiyo inazungumzia kuimudu ndege. Kuhusu urefu wa uwanja haisemi lolote. Rubani anaweza kuwa ndani ya noti 15 kabisa na bado akakosa mita.

Tulinyanyuka tukiwa tumepita theluthi mbili za uwanja. Pua ilibaki chini muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nilianza kuhesabu mistari ya chai iliyobaki. Kisha akaivuta mara moja, matairi yakanyamaza, na palepale akafanya kitu kilichomfanya mama aliyekuwa nyuma yangu ashike kiti changu kwa mikono miwili: akageuza pua kushoto, kuelekea upepo, akanyoosha mabawa na kuiacha ndege ipande hivyo. Mbele yangu sikuuona tena uwanja. Niliuona kwenye dirisha la mlango wangu, upande wa kulia, ukirudi nyuma kimshazari.

"Kapteni, mbona tunakwenda upande?" mama akauliza.

"Tunakwenda mbele, mama. Ndege ndiyo inatazama upepo."

Kwa upepo wa noti 15 na ndege inayopanda kwa noti 70, pua hugeuka digrii 12 hivi, na hilo haliipunguzii ndege nguvu ya kupanda. Kinachoipunguzia ni rubani kuendelea kushikilia usukani kushoto na mguu kulia kama alivyofanya ardhini, kwa kuona vibaya kuruka kimshazari. Mwili wa ndege ukikatiza hewa kwa ubavu, ukinzani unaongezeka, na kwa kimo kile ambacho injini imepungukiwa robo ya nguvu, hakuna cha ziada cha kuchezea. Mtumbwi uachwe uende mshazari.

Magunia yaliondoka kesho yake saa moja na nusu asubuhi. Kijana alinieleza kwa simu. Nyuzi joto zilikuwa nane, hewa nzito, soksi imelala kwenye mlingoti wake. Kwa baridi ile mita 550 zilikuwa zimeshuka hadi kama 510, na hakuhitaji noti tano za ziada. Alipakia viazi vyote, sanduku, na abiria wawili zaidi.